Ekari 5 za Kupumzisha Kichwa

Ikifika saa saba mchana, bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi hujaa. Vijana wamejilaza kwenye nyasi, viatu vimegeuzwa mto, gazeti limefunika uso. Kwenye mabenchi utawakuta makarani wa ofisi za Moi Avenue, mama aliyetoka kulipa karo, na yule aliyezunguka tangu asubuhi na bahasha ya vyeti vyake. Anayeuza mayai na kachumbari anapita polepole. Kando, mhubiri amepaza sauti. Wapita njia huwatazama waliolala na kusema: hawa hawana kazi.

Taaluma yangu ni kuchunguza namna mji unavyoingia katika akili ya mtu, na kwa taaluma hiyo nataka kuwatetea waliolala. Kuna kitu ubongo unakitengeneza mtu akiwa pale, na hauwezi kukitengeneza akiwa barabarani.

Bustani yenyewe ina umri karibu sawa na mji. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa kuihudumia reli ya Uganda, aliitoa kwa wakazi mwaka 1906, wakati Nairobi ilikuwa bado kambi ya mabati inayojifunza kuwa mji. Ni ekari 5 hivi. Mtu huyu ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard kule Mombasa mwaka 1901, na mwaka 1909 akawa Mhindi wa kwanza kuketi katika baraza la kutunga sheria. Majengo yake mengi watu wameyasahau. Bustani hawakuisahau, kwa sababu wanaikalia kila siku.

Sasa tuje kwenye kichwa cha mtu.

Fikiria unavuka Tom Mboya Street. Matatu inarudi nyuma, makanga anaita abiria, mkokoteni unakusukuma pembeni, bodaboda imepanda njia ya miguu, mkono wako umeshika mkoba, simu inalia. Katika yote hayo unahitaji jambo moja tu: ufike ng'ambo salama. Mengine yote ubongo lazima uyakatae, na kukataa huko ndiko kunakochosha. Wanasaikolojia wa Marekani Rachel na Stephen Kaplan walitumia miaka mingi kulieleza jambo hili. Umakini wa kujilazimisha, walisema, una kiasi chake. Ukitumika mfululizo huisha nguvu, na mtu huanza kukosea hesabu, kusahau alichotumwa, kumfokea mtoto bila sababu.

Dawa yake wanayoitaja ni mahali penye vitu vinavyovuta macho kwa upole: majani yanayocheza na upepo, kunguru anayeokota makombo, kivuli kinachosogea taratibu kwenye nyasi. Vitu hivi unaviangalia bila kujilazimisha, na havikudai jibu. Umakini uliochoka unapata nafasi ya kujikusanya. Ndiyo maana televisheni ya hotelini haifanyi kazi hiyo, hata ukiwa umeketi. Inavuta macho, lakini inayashika kwa nguvu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilichapishwa mwaka 2008 na Marc Berman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan. Waliwapa watu mtihani wa kusikia mfuatano wa tarakimu kisha kuzitaja kinyumenyume. Baadaye wakawatembeza kwa muda wa saa moja hivi, mara moja katika bustani ya miti, mara nyingine katikati ya mji wa Ann Arbor, kisha wakawapa mtihani tena. Waliotoka bustanini walifanya vizuri zaidi kwa namna iliyoonekana wazi. Kinachonigusa ni kwamba baadhi yao walitembea wakati wa baridi kali na hawakuifurahia safari hiyo hata kidogo. Faida waliipata vilevile. Maana yake ni kwamba bustani inafanya kazi yake hata siku ambayo huna raha.

Mwili nao una fungu lake. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha liliwaonyesha miti, nusu ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Hawakuigusa miti hiyo. Waliiona tu.

Mtu anayeketi chini ya mti Jeevanjee anapata zaidi ya kuona. Matawi yanazuia jua lisimpige moja kwa moja, na majani yanapotoa maji kama mvuke, hewa inayoyazunguka hupoa. Lami na saruji ya barabara hufanya kinyume: hufyonza joto mchana kutwa na kulirudisha hadi usiku. Kwenye kivuli moyo hauna haja ya kuhangaika kuupoza mwili, pumzi inatulia, misuli ya shingo inalegea. Usingizi wa dakika 10 hadi 20 mahali kama hapo humwamsha mtu akiwa na akili nyepesi. Akilala saa nzima huenda akaamka mzito. Kwa hiyo yule kijana mwenye gazeti usoni, akiamka kabla ya saa nane, amefanya jambo la busara.

Kuna dhana moja ambayo ningependa tuiache. Watu husema miti hunyamazisha kelele za mji. Mstari mwembamba wa miti haupunguzi sana sauti ya injini. Kinachobadilika ni jinsi tunavyoisikia sauti hiyo tunapokuwa na kitu kizuri cha kutazama, na umbali kutoka barabarani. Hii ndiyo sababu ukubwa wa bustani una maana. Ukiimega pembeni kidogo kwa kibanda, kidogo kwa maegesho, kitakachobaki ni kijani kinachoonekana, ila barabara itakuwa imekufikia kwenye benchi.

Na pumziko halikai pamoja na hofu. Mwanamke anayeketi huku akichunguza kila anayepita nyuma yake bado anatumia umakini uleule aliokuja kuupumzisha. Taa zinazowaka, vichaka visivyoziba macho, choo safi, na askari anayelinda badala ya kufukuza si mapambo. Bila hivyo nusu ya wakazi wa mji wanapita nje ya uzio wakiwa wamechoka, na bustani inabaki ya wanaume. Hili linaniuma, kwa sababu marekebisho yake si ya gharama kubwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa miji ya Ulaya, linapendekeza kila mkazi awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta hadi hekta moja, lisilozidi mita 300 kutoka nyumbani kwake. Mkazi wa mitaa ya Pipeline au Mathare hapa Nairobi atausoma mwongozo huo kama habari za nchi nyingine. Kwake yeye, bustani iliyo njiani kati ya kazini na stendi ya matatu ndiyo pekee atakayoigusa wiki nzima, na haina kiingilio. Ni mahali pachache katikati ya Nairobi ambapo mtu anaketi bila kuulizwa atanunua nini.

Hata bustani hii iliwahi kukaribia kupotea. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa kuigeuza Jeevanjee kuwa maegesho ya magari na maduka. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliwaongoza watu kuupinga, na ukakwama. Miaka miwili kabla yake mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikuwa amesimama mbele ya mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, nao ukafa. Maathai alitukanwa kwa kuwa, eti, anazuia maendeleo.

Katiba ya 2010 imekupa kile ambacho wao hawakuwa nacho: ni lazima umma uulizwe kabla ya mipango kama hiyo. Tangazo la kikao cha kaunti kuhusu bustani ya mtaa wako likibandikwa, usilipite. Nenda, keti mstari wa mbele, useme kwamba unapumzika pale.