Mvua Yetu na Mvua ya Uingereza

Ukiulizwa mvua hunyesha zaidi wapi, London au Machakos, utajibu nini? Wengi watasema London, kwa maana tangu zamani tumesikia kwamba Uingereza ni nchi ya mawingu na miavuli. Vipimo vyasema vingine. London hupata yapata milimita 600 kwa mwaka. Katumani, karibu na mji wa Machakos, kulikotoka yale mahindi yanayokomaa upesi, hupata karibu milimita 700.

Ni kweli kwamba ukihesabu Uingereza nzima, pamoja na milima ya Scotland na Wales, wastani wao ni milimita 1,220 na wetu ni 630 tu. Lakini Kenya ni kubwa kuliko Uingereza zaidi ya mara mbili. Kwa hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mvua yote inayoanguka Kenya kwa mwaka ni kilomita za ujazo zipatazo 365, na yao ni 297. (Kilomita moja ya ujazo ni sawa na tangi lenye urefu, upana na kina cha kilomita moja moja.) Basi sisi ndio tunaopewa maji mengi zaidi.

Sasa tazama yanayobaki mitoni na chini ya ardhi. Kwao ni 145. Kwetu ni 20.7. Yaani katika kila madebe 100 ya mvua, wao hubaki na 49 nasi hubaki na 6.

Yaliyosalia yamekwenda wapi? Yamerudi hewani. Sehemu yake imepitia katika mimea, na hiyo hatuihesabu hasara, kwa kuwa ndiyo iliyokuza mahindi na majani ya ng'ombe. Hasara ni yale yanayokaushwa na jua juu ya udongo mtupu. Mvua ya London ni ya rasharasha, hugawanyika miezi yote kumi na miwili, na jua lao ni dhaifu. Yetu huja kwa kishindo wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Udongo uliokauka huwa mgumu juu kama sakafu, na maji huteremka mbio kabla ya kuzama. Utazame Mto Athi ukifurika: wekundu ule ni shamba la mtu.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuyasimamisha maji pale yanapoanguka. Watu wa Ukambani huchimba matuta ya "fanya juu": mtaro wa upana na kina cha sentimita 60 hivi, ukifuata mstari wa usawa, na udongo hutupwa upande wa juu. Pima mstari huo kwa kamba na pimamaji, usikisie kwa macho, maana mtaro uliopinda hugeuka kuwa mto. Panda nyasi juu ya tuta zishike udongo na kulisha ng'ombe. Wakati wa ukoloni kazi hii ililazimishwa na watu waliichukia. Baada ya Uhuru wakaifanya wenyewe kwa vikundi vya mwethya, kwa kuwa waliona mavuno.

Kama una mto wa mchanga karibu, ukuta uliojengwa kukatiza mto juu ya mwamba huzuia mchanga, na maji hukaa ndani yake mahali ambapo jua haliyafikii. Kazi hiyo ni ya kijiji, si ya mtu mmoja, na yahitaji fundi.

Lakini paa la mabati ni lako mwenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 10 kwa 5, penye mvua ya milimita 700, huangukiwa na lita 35,000 kwa mwaka. Ukipoteza moja katika kila tano, utabaki na madebe 1,400 ya lita 20. Mifereji ya paa ifungwe kabla ya Oktoba. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, maana hubeba vumbi na mavi ya ndege, kisha uelekeze maji tangini. Funika tangi vizuri, na tundu la kuingilia maji liwekewe wavu, mbu wasizaane humo.