Unapeleka Subaru Garsen? Usikate Springi Kabla Hujasoma Hii

Wasee wa Subaru, tusikizane. Ukitoka Mombasa kupitia Malindi hadi Garsen, lami inakubembeleza. Ukishaingia barabara za vumbi za Tana Delta, ndio utajua kama doo uliyoweka chini ya ndai ilienda mahali poa.

Wengi huanza kwa kukata springi ndio gari ikae chini, itoke fiti kwa picha. Hapo umejichoma. Springi fupi haina nafasi ya kumeza shimo. Shoki inagonga mwisho, tairi inaruka, na tairi ikiwa hewani haishiki barabara. Ukipiga breki saa hiyo, omba Mungu.

Anza na bushi. Zikiwa zimeisha, hata shoki mpya ni kazi bure. Kisha shoki safi na springi zinazolingana nazo. Mwisho, weka chuma cha kuunganisha vichwa vya shoki mbili za mbele. Ukikata kona bodi haijipindi sana, na usukani unajibu chap chap.

Hata Safari Rally kule Naivasha, ndai huinuliwa, hazishushwi. Kabla ulipe fundi, jaza mabeshte wanne na mizigo, halafu uchungulie chini: imebaki nafasi?