Ukiitoa Injini, Nani Atashika Breki?

Anayepita uani kwangu hapa Tanga na kuiona pikapu imefunguliwa boneti huuliza swali lilelile: "Mzee, betri inakwenda kilomita ngapi?" Ni swali la haki, ila mimi nilianza na jingine. Mbali na kuvuta gari, injini ilikuwa na kazi gani? Mtu anayebadili gari la petroli kuwa la umeme nyumbani kwake bila kulijibu hilo atapata gari linaloondoka vizuri sana na kusimama kwa shida.

Kazi yangu tangu ujana ni umeme wa viwandani, na kwa miaka mingi nilitengeneza folklifti za maghala, ambazo zilikuwa zikinyanyua matani kwa betri kabla sijazaliwa. Kwa hiyo sikuhitaji kushawishiwa kwamba mota inaweza kubeba mzigo. Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya kebini moja, ya petroli, injini ya lita 2. Shughuli yake ni machungwa, Muheza hadi Tanga mjini. Kwenda na kurudi hakufiki kilomita 100, na usiku inalala nyumbani penye luku. Gari la ratiba ya namna hiyo ndilo la kubadili. Hata Nairobi, kampuni ya Opibus iliyoanza 2017, na ambayo leo inaitwa Roam, ilijulikana kwanza kwa kubadili magari ya kutembeza watalii mbugani: asubuhi yanatoka, jioni yanarudi kambini, njia inajulikana.

Mota na inveta yake zilitoka kwenye gari la umeme, Nissan Leaf, lililogongwa, zikaja na kontena la vipuri kutoka Japani. Mota ya Leaf za mwanzo ina kilowati 80, na nguvu yake ya kuzungusha, nyutonimita 280, ipo tangu inapoanza kugeuka. Injini ya petroli lazima ichangamke kwanza, ndiyo maana ikapewa klachi na gia nyingi. Giaboksi ya Toyota nimeibakiza, lakini naondokea gia ya pili na mjini sina haja ya kuibadili.

Tabu ni kwamba Nissan na Toyota hawakuwahi kukaa pamoja wakakubaliana matundu ya bolti yawe wapi. Kati ya mota na giaboksi lazima likae bamba, na langu ni la aluminiamu, unene milimita 20. Shafti ya mota ina meno. Tulichukua kipande chenye meno ya kupokea kutoka kwenye gia za Leaf ileile, fundi wa kerezo akakichongea makazi yake kwenye flaiwili. Kisha ikaja saa ya kupimia. Unaibana kwenye bamba, ncha yake inagusa flaiwili, unazungusha taratibu kwa mkono huku ukiutazama mshale. Ukicheza zaidi ya sehemu tano za mia za milimita, mnafungua na kuanza upya. Fundi, kijana mwenye mikono mizuri sana, alichoka akasema, "Mzee wangu, hii hata jicho haliioni." Nikamwambia, "Jicho haliioni, mwanangu. Beringi itaiona." Tulifungua tena.

Sasa turudi kwenye zile kazi za kimyakimya. Injini ya petroli inaponyonya hewa hubakiza ombwe kwenye manifoldi, na bomba moja la mpira hulipeleka ombwe hilo kwenye busta ya breki. Ndilo linalousaidia mguu wako. Toa injini, na pedali inakuwa ngumu kiasi kwamba pikapu yenye mzigo itasimama pale inapotaka yenyewe. Dawa yake ni pampu ndogo ya umeme ya volti 12, kitangi cha akiba, na swichi inayoiwasha pampu ombwe likipungua. Vifaa hivyo vilifungwa kabla mota haijaunganishwa umeme, na nisingekubali mpangilio mwingine.

Altaneta nayo imeondoka na injini, kwa hiyo taa, honi na waipa zinahitaji konveta ya kuteremsha umeme wa betri kubwa uchaji betri ya kawaida. Mota na inveta za Leaf hupozwa kwa maji. Radieta ndogo na pampu yake zinatosha. Stelingi pawa pikapu yangu haikuwa nayo tangu kiwandani, na kwa mara ya kwanza nilishukuru.

Kuna pia ile breki ya injini ambayo kila dereva wa milimani anaijua. Ukiteremka kutoka Amani, kule milimani, hadi Muheza, unashuka kama mita 700. Mota hapo hugeuka kuwa jenereta, inalishika gari na kurudisha umeme kwenye betri. Kwa gari la tani 2 mteremko huo una karibu yuniti 4 (kilowati-saa) za nishati. Ukirudishiwa nusu yake, shukuru. Betri ikiwa imejaa pomoni haipokei kitu, na breki za miguu zinabaki peke yake.

Betri yangu ni ya lithiamu aina ya chuma na fosfati. Seli 100, kila moja volti 3.2 na ampea-saa 100, zimeungwa kwa mfululizo: jumla volti 320, yuniti 32. Seli zina kilo 200 na kidogo, ukiongeza makasha na kebo unakaribia uzito wa injini, tangi na eksozi vilivyotoka. Betri za risasi za kiasi hicho cha umeme zingekaribia tani moja. Pikapu ingebeba betri, machungwa yangebaki shambani. Nusu ya seli nimeziweka ilipokuwa injini, nusu chini ya bodi, kisha nikalipitisha gari kwenye mizani ekseli moja moja. Kifaa cha kulinda betri hutazama kila seli, isipite volti 3.65 wala isishuke chini ya 2.5.

Kwa mzigo pikapu inakula kama robo yuniti kwa kilomita. Kwa bei ya kama shilingi 356 kwa yuniti, pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, ni kama shilingi 100 kwa kilomita. Kwa petroli ilikuwa inakwenda kilomita 9 kwa lita. Lita ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni zaidi ya 330. Lakini asikudanganye mtu: betri peke yake ilimeza zaidi ya nusu ya fedha za kazi yote, na asiyetembea kila siku hatazirudisha.

Volti 320 za betri zinaua. Umeme wa nyumbani hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Wa betri hausiti, na swichi ya ukutani ukiitumia hapo itawaka. Fyuzi na kontakta ziwe za umeme wa aina hiyo. Pete na saa vua, vaa glovu za volti 1,000, na ukishakata umeme subiri dakika 10 kapasita za inveta zimalize chaji. Kapasita hizo ndizo zinazofanya kuwasha kuwe kwa hatua mbili. Ukigeuza ufunguo unasikia "tak" ndogo: umeme unapita kwenye rezista na kuzijaza polepole. Baada ya sekunde chache inakuja "tok" ya kontakta kubwa. Bila hiyo ya kwanza, ya pili ingejichomelea palepale na isifunguke tena.

Kwa kuchaji nimevuta laini yake pekee kutoka kwenye bodi ya fyuzi, ina kifaa cha kukata umeme unapovuja, na nondo mpya ya ethi. Kwa ampea 10 betri iliyofika nusu hujaa usiku mmoja.

Karatasi nazo zina haki yake. Kadi ya gari ina namba ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta, na vyote vitatu vimekuwa uongo siku injini ilipotoka. Peleka mabadiliko mamlaka ya mapato, TRA, pata ukaguzi, na mwambie wa bima mapema, kabla hujagongana na mtu.

Fundi wa kerezo sasa anataka tuibadili Noah yake. Nikamuuliza inakwenda wapi.

"Dar, mzee. Mara mbili kwa wiki."

"Chasi ikoje?"

"Ina kutu kidogo kwa nyuma."

"Basi kaweke petroli, mwanangu."