KUKUFURU MBELE YA DINI NA MBELE YA SHERIA

Leo twapenda kueleza neno moja zito, nalo ni kukufuru, yaani kumtukana Mungu au kudharau vitu vitakatifu. Huku Dindira, katika milima ya Usambara, Mwislamu na Mkristo huchota maji katika kijito kimoja, na pengine ni watoto wa baba mmoja. Basi khabari hii si ya watu wa mbali.

Kwanza tutazame dini. Katika Torati, kitabu cha Walawi, mlango wa 24, mtu aliyelikufuru Jina la Mungu alipigwa mawe hata akafa. Katika Uislamu, mafakihi wa zamani walihesabu kumtukana Mtume kuwa kosa la kuuawa, lakini hawakupatana kama toba ya mkosaji yakubaliwa. Tena Qurani, katika Sura ya Al-An'am, yawakataza waumini wasitukane vinavyoabudiwa na wengine, hao nao wasije wakamtukana Mungu pasipo kujua. Wakristo nao, ijapokuwa Bwana wao alishtakiwa kwa kosa hilihili, waliwaadhibu waliokufuru kwa karne nyingi. Huko Uingereza sheria ya kale ililinda dini ya Kikristo peke yake, mpaka ikafutwa mwaka 2008.

Sheria yetu ni ya namna nyingine. Asili yake yatoka katika sheria ya adhabu ya Uhindi ya mwaka 1860, nchi yenye dini nyingi. Sheria hii haiulizi kama Mungu ametukanwa, maana hakuna hakimu awezaye kulipima neno hilo. Yauliza kama mtu amekusudia kumwumiza mwenzake katika imani yake. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 125, yakataza kuharibu au kunajisi mahali pa ibada. Kifungu cha 126 chakataza kuwasumbua watu waliokusanyika kusali. Na cha 129 chakataza kusema maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini.

Neno lenye uzito hapo ni "kusudi". Mwaka 2001 mahakama ya wilaya huko Morogoro ilimhukumu mhubiri mmoja wa Kiislamu kifungo cha miezi 18, kwa kusema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Kutangaza itikadi ya dini yako peke yake si kosa. Sharti kusudi la kuumiza lithibitishwe. Kama kila mtu angefungwa kwa kukiri imani yake, magereza yasingetosha.

Lakini hasira haingoji mahakama. Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, khabari ya mtoto mmoja kuinajisi Qurani iliwaghadhibisha watu, hata makanisa yakaharibiwa na kuchomwa moto. Waliodhani wanalipiza kisasi cha dini yao waliinajisi ibada ya wengine, kosa lilelile la kifungu cha 125.

Basi, tukisikia neno la kutuchoma katika dini, tujiulize kwanza: mtu huyu aeleza imani yake, au akusudia kutuumiza? Akieleza imani yake, tumjibu kwa hoja au tupite zetu. Akikusudia kutuumiza, twende kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, na kiberiti tukiache jikoni.