Ukiwanyima githeri, bakteria wa tumbo watakula ua

Pita Karatina siku ya soko uone magunia ya mahindi, maharagwe na njahi. Kisha panda matatu hadi Nyeri mjini jioni, uone wasee walivyojipanga kungoja chipsi na smoki. Tofauti ya sahani hizo mbili haiishii mdomoni.

Mwilini mwako mna bakteria kama trilioni 38, wengi wao kwenye utumbo mpana. Hao hao wakipenya hadi kwenye damu, unaweza kulazwa. Sasa mbona kinga ya mwili haiwashambulii kila siku?

Kwanza, kuna ukuta na ua. Ukuta wa utumbo ni safu moja tu ya seli, na nyingi hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Ua ni ute mzito unaoufunika ukuta huo, na sehemu yake ya ndani karibu haina bakteria. Pili, mwili humwaga kingamwili za IgA zinazowashika bakteria wasisogee karibu, bila kuzua vita. Tatu, kuna seli T tulizi. Kazi yao ni kuambia askari wengine wa kinga, "Hao ni wa hapa, waacheni." Utafiti kuhusu seli hizo uliwapa Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025.

Githeri inaingia wapi? Nyuzinyuzi za mahindi na maharagwe hatuwezi kuzisaga wenyewe. Bakteria huzichachusha na kutoa butireti, ambayo ni chakula cha seli za ukuta. Mwaka 2013, watafiti wa Japani walionyesha kwa panya kwamba butireti huongeza seli T tulizi. Majaribio mengine ya panya mwaka 2016 yalionyesha kuwa bakteria wakikosa nyuzinyuzi huanza kula ute. Yaani wakilala njaa, wanatafuna ua.

Amani hiyo ikivunjika, kinga inaweza kuugeukia utumbo wenyewe, kama kwenye ugonjwa wa Crohn.

Halafu kuna ile tabia ya kukimbilia antibayotiki dukani kila tumbo likikoroga. Dawa hiyo huua hata bakteria wema, na kuhara kwingi huletwa na virusi ambavyo haivigusi kabisa. Ukiona damu au hali isipotulia, nenda hospitali upimwe. Siku zingine, maze, ongeza githeri, njahi na nduma kwenye sahani. Chipsi si lazima ziwe za kila jioni.