Rimoti Iko Palepale Mlipokwisha Kuitafuta

Krismasi moja tulijaa watu kumi na saba nyumbani kwa bibi, Marangu mlimani, na rimoti ikapotea. Ilikuwa tarehe 26, saa kumi na mbili jioni inakaribia, na mpira wa Uingereza ndio unataka kuanza. TV inawaka vizuri, ila imeng'ang'ania chaneli ya kwaya. Mjomba akasimama, akapigapiga kochi kwa kiganja, akainua mto mmoja, akatangaza: "Hapa haipo." Shemeji naye akaja, akapigapiga palepale. Haipo. Tangu dakika hiyo kochi likawa limesamehewa, na msako ukahamia chumbani, jikoni, ndani ya gari, hadi kwenye banda la ng'ombe kwa kuwa kuna mtoto aliyeshinda huko asubuhi. Bibi aliuliza mara mbili bila kunyanyuka kitini kwake, "Kwenye kochi mmeangalia?" Mara zote mbili akajibiwa kwa adabu, "Tumeshaangalia, Bibi."

Mimi nafundisha takwimu mjini Moshi, na hilo "tumeshaangalia" ndilo ninalotaka kulizungumzia leo. Kwenye hesabu za kutafuta vitu vilivyopotea, hakuna kauli iliyopoteza muda wa watu kuliko hiyo.

Kwanza tuifahamu hiyo rimoti yenyewe. (Wanaisimu wametupa neno zuri, kitenzambali, lakini hapa Moshi, kuanzia Pasua hadi Shanty Town, sijamsikia mtu akiuliza kitenzambali kiko wapi.) Simu ikipotea ndani ya nyumba unaipigia, inalia, unaifuata. Inawezekana kwa sababu simu hupokea: hata ikiwa kimya mfukoni, haikati mawasiliano na mnara. Rimoti ya kawaida haina sikio. Ina betri mbili ndogo za volti 1.5 kila moja, kipande cha saketi, na kitaa cha LED kwenye ncha. Ukibonyeza kitufe, kitaa kinamweka mwanga wa infraredi kwa mpangilio maalumu, mapigo yake kwa kawaida yakiwa karibu 38,000 kwa sekunde, na TV ndiyo inayousoma mpangilio huo. Usipobonyeza, imelala. Uiite usiku kucha, haina cha kukusikilizia.

Mwanga huo hatuuoni kwa macho. Urefu wa wimbi lake ni karibu nanomita 940, na macho ya binadamu yanaishia kwenye 700 na kitu. Kamera za simu nyingi, hasa ile ya mbele, zinauona: elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera, bonyeza, utaona kitaa kinametameta kwa rangi ya kizambarau. Hiyo ni njia ya kupimia kama rimoti ni nzima kabla hujaitupa. Jingine la kujua ni kwamba mwanga wa infraredi hudunda ukutani ila haupenyi mto wala kitambaa kizito. Kwa hiyo TV ikianza kupandisha sauti yenyewe, msikimbilie kukemea pepo. Kuna mtu ameikalia rimoti, na ncha yake inachungulia nje.

Rimoti isiyopotea iliwahi kuwepo. Mwaka 1950 kampuni ya Marekani iitwayo Zenith ilitoa rimoti iliyounganishwa na TV kwa waya mrefu. Haikupotea, ila watu walijikwaa kwenye waya sebuleni. Mwaka 1955 mhandisi wao Eugene Polley akaleta iliyotumia mwanga kama wa tochi, na jua likipiga kwenye TV chaneli zikawa zinabadilika zenyewe. Mwaka uliofuata mwenzake Robert Adler akaleta ninayoihusudu mpaka leo: haikuwa na betri hata moja. Ukibonyeza, nyundo ndogo hugonga kijiti cha alumini, kijiti kinatoa mlio mwembamba usiosikika kwa sikio la mtu, TV inausikia. Kampuni ilikataa betri kwa hofu kwamba zikiisha, mteja atadhani TV imeharibika. Aliyewaza hivyo anawajua binadamu.

Huku kwetu rimoti isiyopotea ilikuwa mtoto. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo na TV za chogo zikaanza kupanda mlimani moja moja. Mtu mzima anasema "ongeza", mtoto ananyanyuka. Anasema "zungusha antena", mtoto anatoka nje kwenye mlingoti katikati ya migomba, anazungusha hadi asikie sauti dirishani: "Hapohapo! Usiguse!" Kasoro ya rimoti hiyo ni kwamba ikichoka inajifanya imekwenda kukata majani ya ng'ombe. Mwaka 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa Moshi na Arusha, king'amuzi kikaingia ndani na rimoti yake, na sebule iliyokuwa na kitu kimoja cha kupoteza ikawa na viwili.

Sasa hesabu. Chukua maharage kumi, uyapange mezani kulingana na mahali unapodhani rimoti ilipo. Kwa sebule ya bibi mimi ningeweka sita kwenye makochi, mawili chumbani, moja jikoni, moja nje. Namba hizi si za utafiti wowote, ni za mtu anayeijua nyumba, na hicho ndicho kinachotakiwa mwanzoni. Mawili ya chumbani yana sababu yake: huku juu kuna baridi, watu huangalia taarifa ya habari wamejifunika blanketi, na blanketi likikunjwa kurudishwa chumbani hubeba chochote kilichomo. Mjini mwezi wa Februari, joto linapowafukuza watu ndani, ningehamishia maharage mawili barazani.

Mjomba akaja akapigapiga kochi. Kutafuta kwa namna hiyo, nikimkadiria kwa ukarimu, kunaipata rimoti nusu ya mara inapokuwepo kweli. Maharage matatu kati ya yale sita ni zile mara ambazo angeipata. Hakuipata, basi hayo matatu yaondoe mezani. Yamebaki saba: kochi matatu, chumbani mawili, jikoni moja, nje moja. Hebu yaangalie tena. Kochi limeshatafutwa, na bado ndilo linaloongoza, kwa uwezekano wa karibu asilimia 43, likifuatiwa na chumba chenye 29. Banda la ng'ombe limo ndani ya lile harage moja la nje, tena linagawana na gari, kamba ya nguo na shamba zima la migomba.

Mjomba alifanya kosa la kutoa maharage yote sita. Aliichukulia "sijaipata" kuwa ni "haipo", na kati ya kauli hizo mbili kuna umbali wa kutoka sebuleni hadi bandani.

Msingi wa hesabu hii ulitokana na mchungaji wa Kiingereza, Thomas Bayes, aliyefariki 1761. Andiko lake lilichapishwa miaka miwili baadaye. Wanajeshi wa majini wa Marekani waliijenga hesabu ya kutafuta wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipokuwa wakisaka nyambizi. Ila mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi ni wa karibu zaidi, na ni wa huzuni. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France, safari namba 447 kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilianguka katika bahari ya Atlantiki na watu 228. Ndege hubeba vifaa vinavyotoa mlio chini ya maji ili visanduku vya kumbukumbu vipatikane. Meli zilipita zikisikiliza karibu na mahali ndege ilipojulikana kuwa mara ya mwisho. Hazikusikia kitu. Eneo lile likahesabiwa kuwa limeshaangaliwa, na msako ukahamia kwingine, kwa karibu miaka miwili.

Wataalamu wa hesabu walipoitwa upya waliuliza swali ambalo ni ndugu wa swali la bibi: je, kama vile vifaa havikuwa vinalia? Wakarudisha maharage kwenye eneo lililokwisha kusikilizwa. Meli zikatumwa huko, na Aprili 2011, baada ya takriban wiki moja ya kutafuta, mabaki yakapatikana kwenye kina cha karibu mita 3,900, si mbali na palepale pa mwanzo.

Kuna jambo la pili ambalo wataalamu hawa hulithamini kuliko sisi majumbani, nalo ni shahidi. Januari 1966 ndege ya kivita ya Marekani iligongana na ndege ya mafuta juu ya kijiji cha Palomares, Hispania, na bomu moja la haidrojeni likaangukia baharini. Mvuvi mmoja wa pale, Francisco Simó Orts, alikuwa ameona kitu kikishuka kwa parachuti. Lilichukua takriban siku themanini kutolewa majini, na lilikuwa karibu na alipoonyesha. Kwenye nyumba yenye watoto, shahidi wako ana miaka mitatu na ameona kila kitu. Lakini ukianza na "nani kachukua rimoti?" kwa sauti ile tunayoijua, umeshamfukuza shahidi. Muulize anaichezea wapi, kisha umfuate nyuma polepole, usimtangulie. Jioni ile watoto waliulizwa kwa ukali, wote wakasema hawajui, mmoja akaonyesha bandani ili tu aachwe. Ndivyo mjomba alivyoingia kwenye samadi na viatu vya sikukuu.

Nami sikuwa bora. Nilikuwa chumbani nakung'uta mablanketi, mwalimu mzima wa somo hilihili.

Aliyenirudisha sebuleni ni swali la bibi la mara ya tatu. Sasa nikaliangalia kochi kama fundi seremala anavyoliangalia. Makochi mengi ya huku yanatengenezwa na mafundi wetu wenyewe: fremu ya mbao, juu yake mikanda ya mpira iliyovutwa na kupigiliwa, juu ya mikanda sponji, kisha kitambaa. Chini ya fremu hupigwa kitambaa chepesi cheusi kwa pini za stepla, ili vumbi lisipande na mbao zisionekane. Baina ya kikalio na egemeo fundi huacha mwanya, la sivyo kitambaa kingechanika watu wakikaa. Kochi likiwa jipya mwanya unapitisha vidole. Likifika miaka kumi, mikanda ikilegea, unapitisha mkono mpaka kiwiko.

Juu ya yote hayo bibi, kama bibi wengine wote, ametandika vitambaa vya kufuma, vyeupe, kimoja kwenye egemeo na kimoja kwenye kila mkono wa kochi. Rimoti ikiwekwa juu ya kitambaa cha kufuma inateleza nacho, inaingia mwanyani, inapita katikati ya mikanda, inatua kwenye kile kitambaa cheusi cha chini. Haigongi sakafu, kwa hiyo hakuna anayesikia kishindo. Unaweza kupigapiga sponji hadi kesho, kuinua mito yote, kumulika uvunguni kwa tochi, na utaona weusi mtupu. Lile "nusu ya mara" nililompa mjomba, kwa kochi la umri huu lilikuwa ukarimu wa sikukuu.

Njia ni moja. Ondoa vitambaa na mito, mwite mtu wa pili, mlilaze kochi kifudifudi, kisha uipapase ile nguo nyeusi kwa kiganja kutoka kona hadi kona. Kitu kikiwemo utakihisi kimejazia kama ndizi ndani ya kiroba. Ng'oa pini tatu nne kwa bisibisi bapa, toa, kisha upigilie tena. Wakati unasubiri msaidizi, kumbuka kwamba TV yenyewe kwa kawaida ina kitufe, mara nyingi kimoja tu, kimefichwa chini ya fremu au nyuma upande wa kulia, na kwamba baadhi ya simu, za Xiaomi hasa, zina kitaa cha infraredi na zinaweza kufanya kazi ya rimoti. Mpira usiwapite kwa sababu ya kanuni.

Tulililaza kochi mimi na shemeji. Rimoti ilikuwemo, ndani ya mfuko wake wa nailoni uliofungwa mpira wa noti, pamoja na chanuo, sarafu mbili za shilingi mia, kifuniko cha kalamu, na ufunguo mdogo wa shaba. Mjomba alikwapua rimoti akaondoka nayo, kipindi cha kwanza kilikuwa kimebakiza dakika tano. Bibi aliomba apewe ufunguo. Ulikuwa wa kabati lake la vyombo, uliotafutwa Krismasi ya mwaka uliotangulia, nyumba nzima hadi bandani, na kitasa kipya kilishafungwa tangu Pasaka.