Kuhamisha Kanda za VHS: Kazi Iko Kwenye Deki na Waya

Kanda za harusi, za ubatizo, za maulidi na za mahafali zilizorekodiwa miaka ya 1980 na 1990 sasa zinatolewa makabatini ili zihamishiwe kwenye flashi au simu. Matokeo yake mara nyingi yanasikitisha: picha ina chenga, nyuso zimefifia, nyekundu imevuja nje ya nguo, na sauti haiendani na midomo. Mwenye kanda huambiwa kwamba kanda imezeeka, naye hukubali kwa kuwa hana namna ya kupima. Kuzeeka kupo, na katika joto na unyevu wa pwani kupo zaidi. Lakini sehemu kubwa ya uharibifu huo haikutokea kabatini. Ilitokea siku ile ile ya kuhamisha, katika nafasi fupi iliyo kati ya deki inayocheza kanda na kifaa kinachopokea picha. Hapo ndipo panapostahili pesa na muda wa mtu, kabla hajafikiria kompyuta yenye nguvu wala programu za kusafisha picha, kwa sababu kilichopotea hapo hakirudi.

Sababu yake iko katika namna VHS inavyoandika picha. Mfumo huu, ulioingizwa sokoni na JVC ya Japani mwaka 1976, hutumia utepe wenye upana wa milimita 12.7 unaozungushiwa ngoma ndogo ya chuma. Katika PAL, mfumo wa rangi uliotumika Tanzania, Kenya na Uganda, ngoma hiyo huzunguka mara 25 kwa sekunde, na hedi zilizo juu yake huandika vitu viwili kwa njia mbili tofauti. Mwangaza, yaani weupe na weusi wa picha, huandikwa kwenye masafa ya juu, kati ya megahezi 3.8 na 4.8. Rangi hushushwa chini kabisa, hadi kilohezi 627 hivi, na huachiwa nafasi finyu mno. Ndiyo maana mwangaza wa VHS unaweza kuonyesha mistari kama 240 ya undani kwa upana wa picha, ilhali rangi haifiki hata 50. Mtazame bibi harusi katika kanda iliyotunzwa vizuri. Ua la hina kiganjani mwake linaonekana kwa nguvu ya mwangaza peke yake. Rangi yenyewe ni doa pana la wekundu lililotandazwa juu ya mkono mzima. Mwangaza ukipotea kidogo tu njiani, ua linatoweka na unabaki na mkono uliopakwa rangi.

Deki nyingi zina zaidi ya tundu moja la kutolea picha hiyo. La kwanza ni la antena. Hapo deki huibebesha picha kwenye mawimbi ya UHF, mara nyingi karibu na chaneli ya 36, na kazi ya televisheni ni kuitoa tena humo. Njia hiyo iliwekwa kwa kuwa televisheni nyingi za zamani hazikuwa na tundu jingine, na kwa kutazama ilitosha. Kwa kurekodi haifai kabisa, kwani kila mgeuzo huongeza chenga na kula undani, na kwa kawaida sauti hutoka mono hata kama kanda ina stereo. Tundu la pili ni lile la njano, pamoja na matundu ya sauti, jekundu na jeupe, au plagi pana ya SCART kwenye deki za Ulaya. Huko mwangaza na rangi hutoka vimechanganywa kwenye waya mmoja. La tatu ni S-Video, tundu dogo la duara lenye pini 4, ambalo linapatikana zaidi kwenye deki za S-VHS zilizoanza kuuzwa mwaka 1987, na ambazo hucheza kanda za VHS za kawaida bila shida. Lenyewe hutoa mwangaza na rangi kila kimoja kwa waya wake, kama vilivyokaa kwenye utepe.

Fundi atauliza: kama VHS yenyewe ina mistari 240 tu, waya mzuri utaongeza nini? Swali hilo lina haki ndani yake. Kwenye waya wa njano rangi ya PAL hupandishwa hadi megahezi 4.43, na mwangaza wa VHS huishia karibu na megahezi 3, kwa hiyo viwili hivyo havigombani sana. Faida ya S-Video kwa kanda ya kawaida ipo, hasa kwenye kingo za nguo zenye rangi kali, lakini haifiki pale wauzaji wanapoifikisha. Asiye na S-Video atumie njano bila majuto. Ila hoja ya kwamba picha dhaifu haihitaji uangalifu naikataa. Picha yenye undani mwingi ikipoteza kidogo hakuna anayegundua. Picha yenye mistari 240 haina akiba.

Kinachoharibu zaidi hakionekani kwenye tundu lolote: ni muda. Kila mstari wa picha ya PAL huchukua mikrosekunde 64. Utepe uliovutika, mipira ya deki iliyochoka na ngoma isiyozunguka sawasawa hufanya mstari mmoja uwahi na mwingine uchelewe. Televisheni ya kioo cha zamani ilivumilia, kwa kuwa ilifuata tu mwendo iliopewa. Kifaa cha dijitali kinahesabu. Mstari ukichelewa kwa mikrosekunde 1 tu, unasogea pembeni kwa pikseli 13 au 14 kati ya 720, na nguzo ya ukumbi inaonekana kama bendera inayopepea. Vurugu ikizidi, kifaa hutupa picha nzima, na baada ya nusu saa ya picha zilizotupwa sauti haiendani tena na midomo. Dawa yake ni kirekebishi cha muda, ambacho hushika kila mstari, kikaupanga, kisha kikautoa kwa wakati wake. Baadhi ya deki za S-VHS za hali ya juu za JVC na Panasonic zinacho ndani. Zipo pia rekoda za DVD, Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15 zikiwa maarufu kwa hilo, ambazo hunyoosha mistari hata usiporekodi kitu ndani yake: picha inaingia kutoka kwenye deki, inatoka ikiwa imetulia, inaenda kwenye kompyuta. Nikilazimika kumshauri mtu mwenye pesa ya kifaa kimoja tu, nitamwambia anunue hicho kabla ya kutafuta waya wowote wa gharama.

Kinyume chake ni vile visanduku vidogo vya bei poa vinavyogeuza waya wa njano kuwa HDMI. Vinavutia kwa sababu vinaahidi mistari 1080. Lakini kanda ya PAL ina mistari 576 inayoonekana, iliyogawanywa katika nusu-picha 50 kwa sekunde. Kisanduku huziunganisha nusu-picha hizo kwa haraka, kikazipanua, na vingi vyao huzitoa kwa mwendo wa 60. Mwendo wa wacheza ngoma unakuwa wa kukwamakwama, na hakuna programu itakayounyoosha. Ni bora kunasa picha ilivyo, pikseli 720 kwa 576, bila kuunganisha nusu-picha, kwenye faili lisilopoteza kitu. Picha ghafi ya namna hiyo hula gigabaiti 75 hivi kwa saa, na ikibanwa bila hasara hupungua sana. Ya kutuma kwenye simu itatengenezwa baadaye kutokana na hiyo.

Wenye jamaa Marekani na Kanada wana tatizo la ziada, kwa kuwa kanda zinazotoka huko ni za NTSC: mistari 525, picha karibu 30 kwa sekunde. Deki za mifumo mingi, zikiwemo nyingi zilizokuja kwetu kupitia Dubai, huzicheza, lakini baadhi hutoa mchanganyiko uliokusudiwa televisheni ya PAL, wenye mwendo wa NTSC na rangi ya PAL. Kompyuta ikiupokea huonyesha picha isiyo na rangi au inayoviringika, na kanda isiyo na kosa inahukumiwa kuwa imekufa. Kabla ya kuitupa, tafuta kwenye deki swichi ya NTSC 3.58, kisha weka chaguo hilo hilo kwenye programu ya kunasa.

Kuna pingamizi jipya: kwa nini tujisumbue na deki wakati akili mnemba inaweza kusafisha picha yoyote? Programu hizo zinapunguza chenga vizuri, na sizikatai. Ila zinapokutana na uso usio na undani hazirudishi kilichokuwepo. Hukisia, kutokana na nyuso nyingine zilizofunzwa nazo. Marehemu bibi anaweza kupewa macho makali na ngozi laini ambavyo hakuwa navyo, na wajukuu wasiomwona wakayaamini. Kadiri picha inavyoingia kompyutani ikiwa na undani wake, ndivyo programu inavyopata nafasi ndogo ya kubuni.

Basi kabla ya kuunganisha chochote, ulizia kanda mama. Kanda nyingi zilizo majumbani ni nakala, au nakala ya nakala, na kila kunakili kulikula undani na kuyumbisha mistari zaidi kuliko waya mbaya unavyoweza kufanya. Kanda iliyotoka kwenye kamera huenda bado iko kwa mpiga video au kwa shangazi aliyesimamia shughuli. Ikipatikana, itazame kwenye dirisha lake: ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu, na isiingizwe kwenye deki hadi isafishwe, maana itachafua hedi na kila kanda itakayofuata. Vunja kile kichupo cha plastiki kinachoruhusu kurekodi. Safisha hedi, jaribu mpangilio mzima kwa kanda isiyo na thamani, rekebisha trekingi kwa kila kanda, na uanze kunasa tangu mara ya kwanza unapoicheza, kwa sababu utepe wa miaka 30 unaweza kukatika kabla ya kuchezwa mara ya pili.